Kamera Iliyozimika Zamu ya Shemeji

Palikuwa na mwanamke fundi, mfupi, mwenye mabega mapana kwa kubeba ngazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Waya. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa limelala kwenye kitambulisho na halikuwa na kazi nyingine. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo hivyo, na watoto wake walipokuwa wadogo walidhani kila mama huitwa kwa kitu anachokishika.

Hakuanzia kwenye waya. Alianzia kwenye cherehani, kibarazani, jirani na mzee mmoja aliyetengeneza redio. Wateja wa nguo wakipungua, anageuza kiti na kumtazama mzee anavyochokonoa. Siku moja mzee akashindwa kuona uzi mwembamba ndani ya redio, macho yameisha, akasema, "Hebu wewe mwenye macho ya sindano, nishikie hapa." Akashika, na tangu siku hiyo hakuachia. Redio zikafa, simu zikaja, mafundi simu wakajaa mtaani kama nzi, naye akasogea pembeni akaingia kwenye mambo ya maofisini: kamera za ukutani, simu za mezani, visanduku vya intaneti. Cherehani bado ipo sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pamejaa vipande vya waya ambavyo hatupi hata kimoja. Ukimwambia atupe, anakutazama kama umemwambia atupe watoto.

Kazi yenyewe ina utamu wake, na ni vizuri ielezwe kidogo, maana bila hivyo mkasa huu hautaeleweka. Zamani kitu cha umeme kilitaka waya wake wa umeme, na kama kinazungumza na wenzake kilitaka waya mwingine wa kuzungumzia. Siku hizi waya ni mmoja tu. Ndani yake mna nyuzi nane nyembamba za shaba, kila mmoja na rangi yake, zimesokotwa mbili mbili kama marafiki wanaotembea wameshikana mikono. Humo humo kinapita chakula, humo humo zinapita habari. Mwanzo wa waya kuna kisanduku wanachokiita swichi, si ile ya ukutani ya kuwashia taa, bali kisanduku chenye matundu mengi na vitaa vya kijani. Hicho ndicho kinachogawa umeme na kupokea picha. Mwisho wa waya kuna kamera, na kamera haina plagi nyingine popote. Waya ukiugua, kamera inakosa chakula na ulimi kwa pamoja. Tena swichi ina adabu zake: ikihisi nyuzi zimegusana mahali zisipotakiwa, inakata umeme wa tundu hilo papo hapo isije ikaunguza kitu, inasubiri, inaonja, ikiona bado pabaya inakata tena.

Basi jioni moja, jua bado lipo, Bi Waya akiwa anachambua vipande vyake, akaingia dada yake. Huyu ni mkubwa wake, wamenyonya ziwa moja, na kwa kawaida akija hupiga hodi kwa kelele na utani. Siku hiyo hakupiga hodi. Alikaa kitini, akashika tama.

"Dada, kuna nini?"

"Shemeji yako anamwaga unga."

"Anamwaga unga kwa lipi? Mtu hachelewi, hanywi, hasemi?"

"Hasemi, ndiyo. Huko kutosema ndiko kunakomponza."

Mume wa dada alikuwa mlinzi kwenye ghala la vipuri vya magari, zamu ya kuanzia mchana hadi usiku. Mtu mrefu, mpole, maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyabeba kwenye kiganja. Dada akaeleza. Kamera ya getini, ile iliyo juu ya kibanda cha walinzi, imekuwa ikizimika. Inazimika zamu yake yeye tu. Akiingia mwenzake wa asubuhi, kamera macho makavu kutwa. Akishika zamu yeye, giza. Lori likifika, picha hakuna mpaka lori limeshapita. Na kinachomaliza maneno ni hiki: msimamizi wa ghala akitoka ofisini kwenda kumwona, akirudi tu anakuta picha imerudi.

"Wanasema anaizima apitishe vitu, akimwona bosi anaiwasha," dada akasema. "Kesho mchana msimamizi anapeleka taarifa makao makuu. Ikishafika huko, kwisha. Na mlinzi aliyefukuzwa kwa kuzima kamera, mdogo wangu, nani atampa kazi? Hata kulinda bata hawatamwachia."

"Lakini kwa nini wasiseme kamera ni mbovu?" Bi Waya akauliza, ingawa jibu alishaanza kulihisi.

Dada akainua uso. "Kwa sababu fundi wao ameshaitwa mara mbili. Mara zote amewaambia waya mzima, kamera nzima."

Bi Waya akaweka chini kipande alichokuwa amekishika. Fundi wa ghala lile alikuwa yeye. Alijua shemeji yake analinda pale. Walikuwa wanasalimiana getini. Lakini mara zote mbili aliitwa asubuhi, akapima, akaona kila uzi uko salama, akaambiwa asante, akaenda zake. Hakuna aliyemtajia zamu ya nani. Alikuwa amesema kweli aliyoiona, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa inamkaba koo mume wa dada yake. Maana kama waya ni mzima na kamera ni nzima, basi mbovu ni mtu.

"Na wewe unaniuliza au unanilaumu?" akauliza polepole.

"Mimi nimekuja kukaa tu," dada akasema. "Nyumbani pamenishinda. Amekaa anatazama ukuta, namwambia jitetee, ananiambia nitajitetea na nini."

Bi Waya akasimama, akafunga kanga kiunoni kama mtu anayeingia kupika sufuria ya shughuli, akaanza kupanga vifaa kwenye sanduku lake la chuma: kipimo cha waya, koleo la kubana vichwa vya waya, mkasi, kamera ya akiba, utepe, laptopu yake kuukuu iliyofungwa kwa mpira.

"Mwambie shemeji kesho asubuhi tuonane getini," akasema. "Aje kama anavyokuja kazini. Nguo za kazi, kila kitu."

"Na ukikuta kweli ni mzima?"

"Kamera haizimiki kwa sababu ya sura ya mtu, dada. Iko sababu, na mimi sitoki pale bila kuishika mkononi."

Asubuhi msimamizi wa ghala alimkuta ameshafika, ngazi imeegemezwa ukutani. Huyu msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye simu mbili zinazolia kwa kupokezana, na anayependa jambo liishe.

"Fundi, mbona sijakuita?"

"Nimejiita mwenyewe, bosi. Kazi yangu imenikosesha usingizi."

"Umekuja kama fundi au umekuja kama shemeji?" Kumbe alijua.

"Nimekuja na ngazi, bosi. Shemeji mtu haji na ngazi."

Msimamizi akacheka kidogo, kisha akawa mzito tena. "Sikiliza, mama. Hata ukipata kitu sasa hivi, watasema umekitengeneza. Juzi ulisema nzima."

"Basi nikipata sitakwambia. Nitakuonyesha, na mkono utakaoujaribu utakuwa wako."

Msimamizi akatazama saa yake, akasema ana mzigo wa kupokea, taarifa ataipeleka baada ya chakula cha mchana, na mpaka hapo hamzuii mtu. Akaondoka simu ikimlilia sikioni.

Kibanda cha walinzi kilikuwa kidogo kama kabati: benchi, meza ya kuandikia, dirisha la kutazama lango, mlango wa bati zito. Waya ulitoka ofisini kwa chini ya ardhi, ukachomoza ndani ya kibanda pembeni, ukapanda kwenye kona hadi kwenye tundu la dari, ukatokea kwa kamera juu. Bi Waya akafanya alivyofanya siku zote. Akaegemeza sanduku lake la chuma kwenye mlango ili ubaki wazi na mwanga uingie, akavaa miwani, akachomoa kichwa cha waya, ile ncha ya kuchomekea, akachomeka kipimo. Vitaa vikapita kimoja kimoja, moja hadi nane, vyote kijani.

"Mzima," akasema kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa.

Mlinzi wa asubuhi, mtu mnene mcheshi, alikuwa amesimama nje akipunga upepo na kofia. "Mama, mimi nilishawaambia, hiyo kamera inampenda mtu wa kumpenda. Mimi inanipenda."

"Inakupenda kwa lipi, hebu niambie. Tangu ianze matata, kuna kitu gani kimebadilika hapa?"

"Hakuna. Hapa hata buibui ni wale wale."

Shemeji naye alikuwa amefika, suruali imepigwa pasi, buti zinang'aa. Alisalimia kwa kichwa, akasimama pembeni kama mtu aliyekuja msibani kwake mwenyewe.

Bi Waya akaanza kuwaza kwa sauti, ndiyo tabia yake. Zamu ya shemeji ndiyo inayoingia giza. Kamera hizi giza likiingia zinawasha taa zake za kuonea usiku, na taa hizo zinataka umeme zaidi. Huenda swichi inaelemewa, au waya umechoka, unaweza kubeba sahani ya mchana lakini si sinia la usiku. Akaomba ndoo. Akapanda ngazi, akaifunika kamera kwa ndoo jua likiwa kali, kamera ikadhani usiku umeingia, ikawasha taa zake. Mlinzi mnene akaangua kicheko: "Jamani! Kamera imevalishwa kofia!" Lakini Bi Waya alipokimbia ofisini kutazama, picha ilikuwepo, imegeuka nyeusi na nyeupe, tena inaonyesha vizuri kabisa ndani ya ndoo. Haikuzimika. Akasubiri, akasubiri tena. Wapi.

Akatoa ndoo. Akahamisha waya kwenye tundu jingine la swichi. Akakata vichwa vya waya vya pande zote mbili, akazitandaza zile nyuzi nane kwa vidole vya mshonaji, rangi kwa rangi, akabana vichwa vipya. Akashusha kamera, akaweka ile ya akiba. Kila alichobadilisha kilikubali, na kila kilichokubali kilimtia kichaa, kwa sababu fundi haogopi kitu kilichokufa. Anaogopa kitu kinachojitia hamnazo mbele yake. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinazidi kufupika, na kule ofisini msimamizi alishaanza kupunguza simu zake.

"Shemeji, acha," mlinzi mrefu akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimuuma Bi Waya kuliko kilio. "Umejitahidi. Mimi nimeshakubali."

"Umekubali nini? Umeizima?"

"Sijaizima."

"Basi huna cha kukubali. Usinivunje mikono." Akapangusa uso kwa pembe ya kanga. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amepima waya, kichwa, tundu na kamera. Kitu kimoja tu hakuwa amekipima, nacho kilikuwa kimesimama mbele yake na buti zinazong'aa.

"Sikiliza, shemeji," akasema. "Vyote nimepima. Bado wewe. Mimi nakwenda ofisini kukaa mbele ya swichi. Mwenzako atakwenda kunywa chai kidogo. Utakaa humu ndani peke yako, simu sikioni, na utashika zamu kama unavyoshika kila siku. Kila unachofanya, nitajie. Hata ukikohoa."

Akalichukua sanduku lake la chuma, akaenda ofisini, akachuchumaa mbele ya swichi. Kitaa cha tundu la getini kilikuwa kinawaka kijani, kinapepesa. Juu yake skrini ilionyesha lango, barabara ya vumbi na mbuzi mmoja aliyepotea njia.

"Haya, shemeji. Umefika. Unafanya nini?"

"Nasalimia."

"Salimia."

"Nimesalimia. Sasa natazama kufuli." Kimya. "Nimetazama. Naandika saa ya kuingia. Naweka chupa ya maji chini ya benchi."

"Iweke kweli, usinisimulie."

"Nimeiweka. Nimekaa."

Kitaa kinapepesa. Mbuzi amekaa naye.

"Halafu?"

"Halafu ndiyo basi. Nalinda."

Bi Waya akauma mdomo. Alikuwa ameishi na watu, alikuwa amelea, na alijua sauti ya mtu aliyeruka kitu. Lile "ndiyo basi" lilikuja haraka mno kwa mtu ambaye neno lake humtoka kwa kuvutwa.

"Shemeji."

"Naam."

"Kuna kitu hujafanya."

"Ni jambo dogo," akasema shemeji. "Halihusiani na kamera."

"Lifanye."

"Ni jambo langu mwenyewe."

"Wewe leo huna jambo lako mwenyewe! Mke wako yupo kwangu tangu jana ameshika tama, halafu wewe unanificha jambo? Lifanye hilo jambo, hata kama unacheza ngoma humo ndani. Lifanye!"

"Utanicheka."

"Sitacheka."

Akasikia benchi linalia, hatua, chuma kinakwaruza, kishindo. Kisha pumzi ya mtu anayeinama.

Kitaa kilikuwa kimeshazimika.

Bi Waya akainua macho: skrini nyeusi tii. Mbuzi hayupo, lango halipo, dunia yote ya upande ule imekwenda.

"Usiguse kitu!" akapiga kelele hadi karani wa ofisi akaruka kwenye kiti. "Umefanya nini? Sema umefanya nini!"

"Nimevua buti," sauti ya aibu ikajibu.

"Umevua nini?"

"Buti. Nilisema utanicheka."

Bi Waya akabaki mdomo wazi. Miaka yote ya kazi hii, radi ameziona, panya amewaona, maji ndani ya kisanduku ameyaona, lakini kamera inayokufa kwa kuvuliwa buti ilikuwa mpya. "Hebu zivae," akasema.

Akasubiri. Kitaa giza.

"Nimevaa."

"Bado imekufa. Kwa hiyo si buti. Kabla ya buti ulifanya nini? Nimesikia kishindo."

"Nilifunga mlango. Siwezi kuvua mlango ukiwa wazi, watu wataniona."

"Ufungue."

Chuma kikakwaruza. Swichi ikatulia kama inayofikiri, ikaonja, na kitaa kikawaka. Picha haikuja papo hapo. Kamera iliyokatiwa chakula huchukua muda kuamka. Halafu lango likarudi, na barabara, na mbuzi.

"Shemeji, ufunge."

Giza.

"Ufungue!"

Kijani.

Bi Waya hakuaga mtu. Alikimbia uwanja mzima wa ghala, sanduku likigonga pajani, na wapakiaji wakamshangilia wakidhani anafukuzwa. Alipofika kibandani hakuegemeza sanduku mlangoni. Aliingia, akajifungia ndani na shemeji yake, akawasha tochi, akatazama kwenye kona. Waya wake ulipanda pale pale kwenye bawaba. Mlango ulipofungwa, ukingo wa bati uliusukuma waya ukutani na kuukamua kama mtu anayekamua limau. Akapitisha kidole: ngozi ya waya ilikuwa imechanika upande wa nyuma, usioonekana, na nyuzi mbili zilikuwa uchi, zikibanwa zinagusana, zikiachiwa zinaachana kama hazijuani.

"Mlango huu mbona bawaba ziko huku?" akauliza. "Zamani mlango ulikuwa wa mbao, ulifungukia kule."

"Ule uliliwa na mchwa. Wakaleta huu wa bati, wakaugeuza."

"Lini?"

Shemeji akafikiri, na Bi Waya akaona usoni mwake jambo linavyochomoza. "Kabla tu ya haya mambo kuanza," akasema polepole.

"Na nilipouliza kitu gani kimebadilika, mwenzako akaniambia hata buibui ni wale wale!"

"Aliulizwa habari za kamera. Nani angefikiria mlango?"

Hapo ndipo mambo yote yakakaa mahali pake, moja baada ya jingine. Mwenzake alikuwa mnene anayeona joto, hafungi mlango hata mvua ikinyesha. Shemeji alifunga. Lori likija, alivaa buti haraka, akafungua, akatoka. Kamera ikaanza kuamka, na ilipoamka lori limeshapita. Msimamizi akija, alifungua kwa heshima kumpokea bosi wake, na bosi akirudi ofisini anakuta picha. Na yeye Bi Waya, mara zote alizokuja, aliuegemezea mlango sanduku lake apate mwanga, akaushikilia ugonjwa usionekane kwa mkono wake mwenyewe.

Alitaka kucheka na alitaka kulia, hakupata nafasi ya lolote. "Kaa hapa," akasema. "Usifunge wala usifungue."

Msimamizi alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta. Bi Waya hakumwambia kitu. Alisema tu, "Bosi, mkono wako nauhitaji, na karani wako akae na hii skrini, akupigie." Msimamizi akaguna, akainuka, akafuata. Walipofika kibandani akaambiwa afunge mlango. Akafunga. Simu yake ikalia.

"Bosi, imekufa," sauti ya karani.

Akafungua. Wakangoja. "Imerudi, bosi." Akafunga tena, safari hii taratibu, jicho kwenye ile kona. "Imekufa." Alirudia mara kadhaa, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea, na kila aliporudia uso wake ulizidi kupungukiwa na ile hali ya mtu anayetaka jambo liishe. Mwishowe akaushika waya, akauona ulivyochanika. Akavuta pumzi.

"Kwa hiyo tumemwita mtu mwizi kwa sababu ya mlango."

Akauachia waya.

"Lakini ngoja," akasema, akamgeukia mlinzi. "Mwenzako hafungi. Wewe kwa nini unafunga? Humu ndani ni tanuri."

Bi Waya akaona shemeji yake anatazama chini. Alijua kanuni za kampuni ya ulinzi zilivyo: mlinzi bila buti akiwa zamu ni kosa, na limebandikwa ukutani pale pale. Akaona afadhali aseme yeye. "Ni vumbi, bosi. Malori haya yana vum..."

"Si vumbi," shemeji akamkata. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Waya kumsikia akimkata mtu kauli. "Shemeji, umehangaika tangu asubuhi kutafuta kweli, usinisaidie kwa uongo. Bosi, nafunga nivue buti. Zinanibana. Vidole vimekufa ganzi. Lori likija navaa."

"Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Na hizo?"

"Arobaini na mbili."

"Mbona hukusema?"

"Walizileta, wakasema zimebaki hizi. Nikaona ukianza kazi kwa kulalamika, hata hukai."

Msimamizi akamtazama kwa muda, akatazama na zile buti, ambazo kwa nje zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale ghalani. "Kuvua buti zamu ni kosa," akasema. "Hilo nitaliandika, maana umeniambia mbele ya watu. La kamera siandiki. La kamera naandika ni mlango, na naandika nimeufunga mimi mwenyewe." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Na naandika namba yako ya mguu. Wewe ungesema haya mapema, ungetuokolea watu wote presha."

Alipoondoka, simu zote mbili zikimlilia, shemeji akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Bi Waya hakukaa. Angeweza kuufunga ule mchaniko kwa utepe, akausogeza waya kidogo, akaenda nyumbani kula. Mafundi wengi wangefanya hivyo na kamera ingewaka. Lakini alikuwa ameshasema "mzima" mara mbili mahali pale, na ya tatu alitaka iwe ya kuaminika.

"Shemeji, nishikie ngazi. Waya huu wote wa humu ndani natoa."

"Wote? Si umechanika hapo tu?"

"Wote. Na mpya haupiti kwenye bawaba, unapita kona ya kule, ndani ya bomba la chuma. Hata wakileta mlango wa benki hautaugusa."

Wakafanya kazi mpaka mlinzi mnene akamaliza zamu yake na kwenda, akilalamika kwamba sasa kamera itawapenda watu wote na yeye hatakuwa na cha kujivunia. Bi Waya alitoboa ukuta, akapitisha bomba, akavuta waya, akabana vichwa, akapima mlango ukiwa wazi, akapima ukiwa umefungwa, akaubamiza kwa teke, akapima tena. Kijani, kijani, kijani. Akamtuma shemeji ndani ajifungie, akaenda mwenyewe ofisini kutazama lango kwenye skrini mpaka lori la kwanza la jioni likaingia, likaonekana lote, tangu pua hadi mkia, na mlinzi mrefu akitokea kulifungulia.

Alipokuwa anafunga sanduku lake, simu ikalia. Dada.

"Mbona kimya? Nimekaa hapa roho mkononi! Vipi, wamemfukuza?"

"Hapana."

"Hapana vipi? Usinifiche, mdogo wangu, niambie tu. Mpe simu niongee naye."

Bi Waya akatazama skrini. Pale getini shemeji yake alikuwa anamrudishia dereva karatasi zake, mgongo umenyooka.

"Siwezi kumpa," akasema. "Yuko zamu. Akiwa zamu haongei na simu."